Pointa fupi: mkataba uliopiga hesabu sawa ukakosa watu

Mwaka 2008 Donald Knuth, mmoja wa wazee wanaoheshimika zaidi katika sayansi ya kompyuta, alitoa lalamiko kali hadharani. Programu zake hazikuhitaji hata gigabaiti 4 za kumbukumbu. Kwa nini basi alazimishwe kubeba pointa za biti 64, ambazo nusu yake ni sifuri tupu zinazojaza kache, ile kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa, bila kazi?

Pointa ni namba inayoonyesha mahali data ilipo, kama S.L.P. inavyoonyesha sanduku la barua. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 basi. Ukienda kwenye biti 64 ukomo huo unasahaulika, ila kila pointa inapanda kutoka baiti 4 hadi 8. Ukubwa huo haupangwi na mwandishi wa programu peke yake. Unapangwa na mkataba wa kibinari, yale makubaliano baina ya programu, maktaba zake na mfumo endeshi: pointa iwe na baiti ngapi, vigezo vipitie rejista zipi (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), kerneli, kiini cha mfumo endeshi, iitwe kwa namba gani. Upande mmoja ukikiuka, programu inaanguka.

Waliobana anwani zamani walijuta. IBM System/360 ya mwaka 1964 ilitumia anwani za biti 24 ndani ya neno la biti 32, na waandishi wa programu, watu wasiopenda kuona nafasi ikilala bure, wakageuza biti 8 zilizobaki kuwa mahali pa kuweka alama zao. Miaka 20 baadaye Apple ikaingia shimo lilelile. Macintosh ya 1984 nayo ilitumia biti 24, na mfumo wake ukaweka alama kwenye biti za juu za pointa. Matokeo yake, mashine kama Macintosh IIx, yenye prosesa ya biti 32 kamili, hazikuweza kutumia zaidi ya megabaiti 8 za RAM, kwa sababu programu iliyochomwa kwenye ROM zake ilikuwa bado na mazoea ya kale. System 7 ya mwaka 1991 ilileta anwani za biti 32, lakini wenye mashine hizo walihitaji kiraka kilichoandikwa na kampuni nyingine, Connectix.

Kwa hiyo AMD ilipotoa Opteron mwaka 2003, hakuna aliyelaumu pointa ndefu. Ila kifurushi kile kilikuwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja: anwani ndefu, na rejista za jumla zilizoongezeka kutoka 8 hadi 16. Aliyetaka rejista, ambazo ndizo zilizoongeza kasi, alibeba na pointa. SGI ilikwisha kutenganisha mambo hayo kwenye prosesa za MIPS miaka ya 1990 kwa mkataba wa n32. Kwa prosesa za x86, kazi hiyo ilifanywa na H.J. Lu wa Intel, na mkataba wake ukaitwa x32: rejista zote za biti 64, pointa za biti 32. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alisisitiza kwamba saa ya mfumo angalau iwe ya biti 64, ili mkataba mpya usizaliwe na tatizo la mwaka 2038, pale saa za biti 32 zitakapojaa. Mei 2012, x32 ikaingia katika Linux 3.4.

Namba zilikuwa nzuri. Programu ya majaribio ya 181.mcf, inayopanga ratiba za magari ya usafiri wa umma na kurukaruka kwenye pointa muda wote, ilikwenda kasi zaidi kwa asilimia 40. Lakini wastani wa majaribio ya namba kamili ulikuwa asilimia 5 hadi 8, na kwenye hesabu za desimali faida haikuonekana.

Kwa asilimia hizo, Linux ilitakiwa kuwa na seti ya tatu ya maktaba zote, juu ya zile za biti 32 na 64. Mwanzoni mwa 2014 likagunduliwa tundu la usalama ndani ya njia ya x32 kwenye kerneli, ambalo lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Desemba 2018 Andy Lutomirski, mmoja wa watunzaji wa kerneli, alipendekeza x32 iondolewe, na Torvalds hakuonyesha kuihurumia.

Hata hivyo Knuth hakukosea. Java hubana pointa zake kuwa biti 32 na bado hufikia gigabaiti 32, kwa kuwa vitu vyake huanza kwenye anwani zinazogawanyika kwa 8. Chrome 80 ya mwaka 2020 ilibana pointa za JavaScript, na kumbukumbu inayotumika huko ikapungua kwa hadi asilimia 43. Saa ya Apple Watch Series 4 ya mwaka 2018 ilitumia mkataba wa pointa fupi juu ya prosesa ya biti 64. Wote hao walimiliki nyumba nzima: hakuna maktaba ya jirani waliyohitaji kuibembeleza. x32 iliomba kila mtu abadilike kwa faida ya wachache, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoimaliza. Msimbo wake ungali ndani ya kerneli ya Linux, ingawa matoleo mengi huusambaza ukiwa umezimwa.