Siku Kumi Ambazo Hazikupotea

Mtu wa kwetu akisema: «Misa ni saa mbili ya asubuhi», mshale wa saa unaonyesha 8. Hakuna anayedanganya. Sisi tunahesabu tangu macheo ya jua, na saa inahesabu tangu katikati ya usiku. Wakati ni mmoja, mianzo ya hesabu ni miwili, nasi tunageuza bila kufikiri.

Katika historia kazi hii si nyepesi. Mtakatifu Teresa wa Avila alikufa huko Alba de Tormes, inchi ya Hispania, usiku wa 4 Oktoba 1582. Wakamzika kesho yake, na kesho yake ilikuwa 15 Oktoba. Msomaji asiyejua sababu atadhani kwamba maiti ilikaa siku nyingi, ao kwamba mwandishi amekosa. Lakini yote yameandikwa sawasawa.

Sababu ni hii. Kalendari ya Julius Caesar iliweka mwaka kuwa siku 365 na robo. Mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika 11 hivi. Ni kitu kidogo, lakini katika miaka 128 inatimia siku nzima. Wakati wa Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, mchana na usiku vililingana karibu na 21 Machi. Mwaka 1582 vililingana 11 Machi. Tena tarehe ya Pasaka inategemea siku ile. Ndipo Papa Gregori XIII, kwa hati yake ya 24 Februari 1582, alipoamuru kwamba siku ya ine, 4 Oktoba, ifuatwe na siku ya tano, 15 Oktoba. Mpango ulitungwa na mganga Aloysius Lilius, aliyekufa mbele ya kuuona ukitimizwa. Padri Christophorus Clavius, Myezuiti, akaufafanua na kuutetea. Tangu hapo mwaka wa kutimiza mia hauna 29 Februari, isipokuwa ukigawanyika kwa 400: mwaka 2000 ulikuwa nayo, mwaka 1900 haukuwa nayo.

Si wote waliopokea mara moja. Uingereza ilingoja mpaka 1752, Urusi mpaka 1918. Kwa hiyo mapinduzi ya Warusi ya 25 Oktoba 1917 kwa wengine yalikuwa ya 7 Novemba. Zamani za Teresa tofauti ilikuwa siku 10. Leo ni 13. Basi, mwenye kuongeza kumi tu popote atakosa.

Wataalamu wa nyota wana njia iliyo bora. Wanatumia mwanzo uliowekwa na Joseph Scaliger mwaka 1583, yaani mwaka 4713 mbele ya Kristu, na kuhesabu siku moja moja, bila miezi wala miaka. Adhuhuri ya 4 Oktoba 1582 ni hesabu 2299160. Adhuhuri ya 15 Oktoba ni 2299161. Tazama: majina yaliruka, siku hazikuruka hata moja.

Ordinateri za leo zinafuata njia iyo hiyo. Nyingi zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa saa ya Greenwich, nyuma zinageuza hesabu ile kuwa saa ya Kinshasa ao ya Lubumbashi. Lakini mashini nayo inakosa kama mtu. Programu ya Excel inahesabu 29 Februari 1900, siku ambayo Gregori aliifuta: ilirithi kosa la programu iliyoitangulia.

Wandugu, jambo hili linatuhusu sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mtoto amezaliwa 20 Machi, amebatizwa 3 Aprili. Tukiandika 3/4 tu, mashini iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma 4 Machi, na mtoto atakuwa amebatizwa mbele ya kuzaliwa. Siku atakapotaka cheti, nani atamsadiki? Basi tuandike mwezi kwa jina lake, na saa pamoja na neno asubuhi ao usiku. Tukinakili kitabu cha zamani, tusisahihishe kwa siri: tuache tarehe kama ilivyo, na kando yake tuweke ile tuliyoigeuza, pamoja na jina la kalendari. Tarehe isiyotaja hesabu yake ni nusu ya ushuhuda.