Chale wa Zamani na Kicheko cha Maskini



Juma hili tunaomba kuyaweka kando kwa kitambo masomo ya Dominika, tuzungumzie kicheko. Hapa Nyakato mtoto anayewavunja mbavu wenzake huitwa chale. Neno hilo limo katika kamusi zetu, nalo lina maana ya mtu mwenye kuchekesha. Charlie, kinywani mwa Mswahili, hutamkwa Chale. Na katika miaka ya 1920 Charlie aliyejulikana dunia nzima alikuwa mmoja tu, yaani Mwingereza Charles Chaplin, mwenye masharubu mafupi, fimbo, na viatu vilivyomzidi miguu.

Sinema zake za miaka ile hazikuwa na sauti. Hazikumhitaji mfasiri, tofauti na vibanda vyetu vya video, ambamo mfasiri husema mengi kuliko waigizaji wenyewe! Mwaka 1921 Chaplin alitoa The Kid. Mwaka huo huo Unguja ilipata jumba lake la sinema la Royal.

Sinema hiyo yastahili kuelezwa. Chaplin alizaliwa mwaka 1889, na alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa katika nyumba ya maskini huko London pamoja na mama yake na kaka yake. Baadaye mama huyo alipatwa na maradhi ya akili. Mnamo Julai 1919 mtoto wa kwanza wa Chaplin aliishi siku tatu tu, akafariki. Muda mfupi baada ya msiba huo alianza kutengeneza The Kid, kisa cha mtu fukara anayeokota mtoto mchanga aliyetupwa na kumlea. Mtoto akikua hurusha mawe na kuvunja vioo vya madirisha. Punde "baba" yake hupita akiwa fundi wa vioo, tayari kwa kazi! Lakini wakuu wanapokuja kumchukua mtoto wampeleke kituo cha yatima, yule fukara hukimbia juu ya mapaa ya nyumba ili amkomboe. Aliyecheza mtoto, Jackie Coogan, alipata fedha nyingi sana utotoni, na alipofikia utu uzima alikuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia. Kesi yake ilizaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji.

Tuangalie ni nani anayechekwa hapo. Fukara hutuchekesha, lakini anayeaibika ni polisi na bwana mkubwa. Kicheko cha namna hiyo hakikuwapendeza watawala wa makoloni, ambao waliogopa kwamba sinema zingewapunguzia Wazungu heshima machoni pa Waafrika. Hofu hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kutaka sinema za pekee kwa ajili ya Waafrika.

Nchini mwetu kazi hiyo ilianza Machi 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliandaliwa na Baraza la Kimataifa la Kimisionari la ndugu zetu Waprotestanti, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Wakuu wake kazini walikuwa Meja Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na Bwana Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Walipiga picha zisizo na sauti, na maelezo yakatolewa kwa santuri. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza sinema 35. (Papa Pius XI naye alitoa waraka wake juu ya sinema, Vigilanti Cura, mwaka 1936, jambo hili liliwasumbua wengi wakati ule.)

Mojawapo ya sinema za Vugiri ilihusu benki ya akiba ya posta. Kibarua mmoja anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anauchukua. Mwenzake aliyeweka benki yu salama. Somo ni jema, wala hatuwashuku waandaaji kuwa na nia mbaya. Lakini kicheko kimegeuzwa mwelekeo. Mjinga sasa ni yule maskini, na mwerevu ni yule aliyemsikiliza bwana. Kati ya sinema zote 35, zimesalia tatu tu: ya minyoo ya safura, ya mafunzo ya mifugo, na ya mashamba ya Kingolwira.

Mkondo huo haukukatika. Mwaka 1952 kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ambayo enzi ya sinema zisizo na sauti ilikuwa imetengeneza De Voortrekkers (1916), ilitoa hapa Tanganyika kichekesho cha Kiswahili, Muhogo Mchungu. Kilisimulia masaibu ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Wenye kamera walikuwa wageni, na mshamba ndiye aliyechekwa. Hata hivyo, nyota wake alikuwa kijana wa Songea aliyesoma Tabora, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Miaka mitatu baadaye kijana huyo alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwatetea vibarua wa namna ile ile waliochekwa Vugiri. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Mnamo Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.