Kushindana na Kubishana: Historia ya Vitenzi Vichache vya Kiingereza na Tatizo la Mfasiri



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake. Aliiandika kwa Kiswahili baada ya kusoma marejeleo karibu yote kwa Kiingereza. Katika ukurasa wa pili nikakuta sentensi hii: "Katika sura hii nitabishana kwamba..." Nikaizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Utabishana na nani?" Nilijiona mjanja. Yeye akaniuliza kwa adabu yote, "Profesa, basi niandike nini?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Mhadhara huu ni jibu lililochelewa.

Kitenzi kilichomponza ni "argue". Katika Kiingereza kinakaa na ndugu zake wengi: "debate", "dispute", "discuss", "contend", "contest", "compete", "vie". Waingereza wenyewe wamehangaika nao kwa muda mrefu. George Crabb alichapisha kitabu chake cha visawe mwaka 1816, akijaribu kutenganisha maana za maneno yanayokaribiana. Peter Mark Roget akafuata mwaka 1852 na orodha yake maarufu iliyopangwa kwa dhana. Ila orodha ya visawe ina hatari yake. Humpa msomaji maneno yote kana kwamba yalizaliwa siku moja katika nyumba moja, na hayakuzaliwa hivyo.

Kabla ya mwaka 1066, Waingereza walikuwa na vitenzi vyao vya asili vya kugombana na kupigana. Kimojawapo kilikuwa "flitan", yaani kuzozana au kushindana kwa maneno. Kiingereza cha leo kimekwisha kukisahau, ingawa katika Kiskoti kilibaki kikitaja mashindano ya washairi ya kukashifiana. Kingine kilikuwa "winnan", yaani kufanya kazi ngumu, kujitahidi, kupigana. Hicho ndicho "win" ya leo, ambayo maana yake ni kushinda. Hapa naomba tutue kidogo. Katika Kiingereza, neno la kujitahidi liligeuka kuwa neno la ushindi. Kiswahili kilikwenda njia ya kinyume: kilianza na "shinda", kikaongeza kiambishi cha kutendana, kikapata "shindana". Ukifuata sarufi peke yake, watu wawili wanaoshindana wangepaswa kushindwa wote wawili na kushinda wote wawili, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo "-ana" hapa haisemi kwamba tendo limekamilika pande zote. Inasema kwamba kila upande unalitafuta. Vitabu vyetu vya sarufi huipita nukta hii haraka mno.

Baada ya uvamizi wa Wanormani, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mahakama. Mwaka 1362, katika utawala wa Edward wa Tatu, ilitungwa sheria ya kutaka mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikueleweka vya kutosha katika nchi. Mawakili hawakukiacha kwa haraka, na kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini hadi sheria nyingine ilipoanza kutumika mwaka 1733. Hata walipobadili lugha, hawakuyatupa maneno. Maneno ya Kifaransa na Kilatini yalibaki katika vinywa vya waliozungumza Kiingereza.

Ndiyo maana vitenzi hivi vinanuka mahakama. "Contest" inatokana na "contestari" ya Kilatini, kuita mashahidi ili kufungua shauri; ndani yake limo neno "testis", shahidi. "Quarrel", ambayo leo ni ugomvi wa jirani na jirani, ilitoka katika "querela", yaani malalamiko. "Dispute" ina "putare", kuhesabu au kupima, na vyuo vikuu vya zamani vya Ulaya viliifanya kuwa mtihani rasmi: mwanafunzi alisimama akatetea kauli, mwenzake akaipinga, mwalimu akaamua. "Argue" nayo ni "arguere", kuweka wazi, kuthibitisha, na pia kushitaki. Wako wanaisimu walioihusisha na mzizi wa neno la Kilatini la fedha, kwa sababu ya kung'aa. Wengine hawakubaliani nao, nami siwalaumu. Lakini hata tukiacha fedha pembeni, maana ya kuweka wazi inabaki.

Si vyote vilivyotoka mahakamani. "Debate" ni kupiga, kwa asili ya Kifaransa cha kale, na katika Kiingereza cha karne za kati ilitaja ugomvi kabla haijatulia bungeni. "Discuss", neno pole kuliko yote, ni "discutere", kutikisa hadi kutawanya. Na "vie" ninayoipenda kuliko zote ilitoka kwenye meza ya karata: katika karne ya 16 ilikuwa kuongeza dau ili kumchokoza mpinzani, na ukiifuata nyuma zaidi unafika kwenye "invitare", kualika. Naye "rival" alikuwa, kwa Kilatini, mtu mnayetumia naye kijito kimoja. Wakulima wa mabondeni hawahitaji maelezo zaidi.

Halafu iko "compete". Kwa Kilatini ni kutafuta pamoja, kukutana, hata kufaa. Ndiyo maana "competent" ni mtu anayefaa. Iliingia Kiingereza katika karne ya 17, ikawa adimu, na mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi ya watu Uingereza bado waliiona kuwa neno la Waskoti au la Wamarekani. Maana ya kibiashara ilikuja baadaye. Kiambishi awali "com-" kilifanya kazi inayofanana na ya "-ana" yetu, lakini msemaji wa Kiingereza hakisikii tena, hivyo huongeza "with". Nasi, ingawa "-ana" tunaisikia vizuri, huongeza "na": Juma alishindana na Ali.

Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walitoa kitabu kilichodai kwamba wasemaji wa Kiingereza huyaelewa mabishano kuwa ni vita: hoja hushambuliwa, hutetewa, huangushwa. Kwa matumizi ya leo, wana haki. Kwa historia, nina shaka. Tumeona shahidi, lalamiko, hesabu na dau. Kipigo kimoja tu. Vita ilikuja kupakwa juu ya kitu kilichokuwa kesi.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. "Bishana" inadai watu wawili, na katika malezi yetu kubishana na mkubwa ni utovu wa adabu. Kijana anayeambiwa kwa Kiingereza "argue your case", akaielewa kwa "bishana", ama ataona anaagizwa kumvunjia heshima mwandishi aliyemtangulia, ama atanyamaza na kunukuu. Wengi hunyamaza. Nimesoma tasnifu nyingi za namna hiyo, kurasa mia mbili za wengine, bila sauti ya mwenyewe. Nasi walimu tukaita hali hiyo uvivu.

Si kwamba lugha yetu haina hazina. Tuna "lumbana", na "mlumbi", msemaji hodari. Washairi wa Mombasa na Lamu wa enzi za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, walijibizana kwa tungo kuhusu siasa nzito bila mtu kuwaita watovu wa adabu. Tuna "teta", ambayo ni kugombana au kusengenya, lakini ikizaa "tetea" huwa ni kusimama upande wa mtu. Tuna "dai", lakini hiyo ina harufu ya deni na ya shaka: anayedai bado hajalipwa. "Thibitisha" ni kubwa mno kwa sura ya kwanza. Kutoka Kiarabu tuna "jadili", na tuna "hoja", ambayo chanzo chake, "hujja", ni ushahidi wenyewe. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na "arguere".

Tukakubaliana aandike: "Katika sura hii natoa hoja kwamba..." Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini mmoja aliyezoea kufuatilia vikao vya Bunge alipofika kwenye sentensi hiyo aliinua macho na kuuliza nani anaiunga mkono. Ukumbi ukacheka. Mwanafunzi akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Ukurasa wa 41 na kuendelea," akaanza kuusoma.