Jiji linaponunua programu ya vibali vya ujenzi

Serikali ya jiji inapoamua kununua programu ya kusimamia vibali vya ujenzi, wengi huona kuwa ni suala la kompyuta na kasi ya huduma. Kwa hakika uamuzi huo huamua pia namna sheria ya ujenzi itakavyotekelezwa, nani atakayetunza kumbukumbu za majengo, na nini kitatokea siku programu itakapokwama.

Nchini Kenya suala hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaeleza kuwa mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Kwa hiyo ombi lililokwama ndani ya mtambo halisubiri tu. Siku zake zinahesabiwa, na zikitimia, ukimya wa ofisi hugeuka kuwa ruhusa.

Safari ya kibali

Mwenye kiwanja huanza kwa msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, ambao huandaa michoro na kuiwasilisha. Maafisa wa mipango huangalia kama jengo linaafikiana na matumizi yaliyowekewa eneo hilo, ni sehemu gani ya kiwanja itakayofunikwa, limeachana kiasi gani na mpaka wa jirani, na kama idadi ya orofa inaruhusiwa. Mhandisi wa jiji huchunguza uimara wa nguzo na msingi. Idara za barabara, afya ya umma na zimamoto nazo hutoa maoni yao.

Zama za karatasi, faili moja lilibebwa kutoka meza hadi meza. Faili likipotea, mwombaji alianza upya. Likichelewa, hapakuwa na njia rahisi ya kujua limekaa kwa nani, na hapo ndipo hongo ilipopata nafasi ya kupenya.

Programu hubadilisha mpangilio huo kwa njia tatu. Kwanza, idara zote huweza kusoma michoro kwa wakati mmoja. Pili, kila hatua huandikwa pamoja na jina la afisa, tarehe na saa. Tatu, ada hukokotolewa kwa kanuni moja, badala ya kutegemea hesabu ya karani.

Baadhi ya programu huenda mbali zaidi na kupima michoro zenyewe. Singapore ilianza kupokea michoro kwa intaneti kupitia mfumo wake wa CORENET mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2013 ikaanza kudai michoro ya kompyuta yenye sura tatu kwa miradi mikubwa.

Nairobi tangu 2011

Nairobi ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa vibali mwaka 2011, wakati jiji likiwa bado chini ya Baraza la Jiji. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mamlaka ya mipango yakahamia kwa Kaunti ya Nairobi.

Mwezi Februari 2020 kaunti ilitia saini mkataba wa kukabidhi baadhi ya majukumu yake kwa serikali kuu, mipango ya jiji ikiwa miongoni mwayo, na kazi hiyo ikawa chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS. Muda wa idara hiyo ulipokwisha mwaka 2022, majukumu yalirudi kwa kaunti.

Hivyo katika muda wa miaka 11 kumbukumbu za majengo ya jiji moja zilipita mikononi mwa mamlaka tatu tofauti. Katika kipindi hicho Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, kililalamika hadharani zaidi ya mara moja kuhusu mfumo kukwama na maombi kurundikana. Wajenzi waliokopa benki huendelea kulipa riba wakati michoro imelala, na wengine hukata tamaa na kujenga bila kibali.

Zabuni na malipo

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inampa mzabuni asiyeridhika siku 14 za kupeleka malalamiko yake, na bodi ya rufaa siku 21 za kutoa uamuzi. Kwa sababu hiyo jiji linalongoja hadi mkataba wa zamani ukaribie kwisha ndipo litangaze zabuni hujiweka katika hatari ya kubaki bila mfumo.

Malipo huwa ya namna tatu. Jiji linaweza kununua leseni mara moja, kisha likalipa ada ya matengenezo kila mwaka. Linaweza kukodi programu kwa ada ya mwaka, seva zikiwa za kampuni. Au kampuni inaweza kuleta mfumo bila malipo ya awali na kuchukua asilimia fulani ya kila ada inayolipwa.

Namna hiyo ya tatu huvutia majiji yasiyo na fedha taslimu, lakini ina kasoro yake. Mapato ya kampuni hukua kadiri maombi yanavyoongezeka, na jiji huweza kulipa kwa miaka mingi zaidi ya thamani ya programu yenyewe bila kuimiliki.

Yanayopaswa kuwemo katika mkataba

Bei ya leseni ni sehemu tu ya gharama. Kuhamisha mafaili ya zamani, kufunza maafisa na kuunganisha programu na rejista ya ardhi pamoja na mfumo wa malipo ni kazi zinazohitaji fedha na muda.

Jambo la kwanza ni umiliki wa data. Mkataba unapaswa kutamka kuwa michoro, maamuzi na kumbukumbu za malipo ni mali ya jiji, na kuwa siku ya kuachana kampuni itazikabidhi zote katika muundo unaosomeka na programu nyingine. Nakala rudufu zikae mahali ambapo jiji linaweza kuzifikia bila kuomba ruhusa.

La pili ni msimbo wa programu, yaani maandishi ya kiufundi yanayoiendesha. Pale jiji lisipoumiliki, nakala yake huweza kukabidhiwa mtu wa tatu, itolewe kwa jiji endapo kampuni itafilisika.

La tatu ni mabadiliko ya sheria. Kwa miongo mingi Kenya ilitumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968, hadi zilipotungwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024. Mkataba usiosema nani atarekebisha programu kanuni zinapobadilika, na kwa gharama gani, huliacha jiji likikagua majengo mapya kwa vipimo vilivyofutwa.

La nne ni siku ya hitilafu. Pawepo na utaratibu ulioandikwa wa kupokea na kuamua maombi mtandao unapozimika, ili zile siku 60 zisipite bila mtu kuangalia michoro.

Mahali ambapo programu haioni

Hata mfumo bora huona yale tu yaliyowasilishwa. Jumba la makazi lililoporomoka Huruma, Nairobi, mwezi Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji walikuwa bado wanaishi humo. Taarifa ilikuwepo, hatua haikuchukuliwa.

Jijini Dar es Salaam, jengo lililoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa na kibali. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa wakati huo, kibali kilikuwa cha ghorofa 10, ilhali ujenzi ulikuwa umefika ghorofa 16.

Ndiyo maana sehemu ya programu inayohusu ukaguzi wa uwanjani ina umuhimu sawa na ile ya kupokea michoro. Mkaguzi anapaswa kufika msingi unapochimbwa na kabla ya zege la kila sakafu kumwagwa, na kuingiza matokeo papo hapo pamoja na picha, ili hatua inayofuata isifunguliwe mpaka ya awali imepita. Cheti cha kuruhusu watu kuhamia kitolewe baada ya ukaguzi wa mwisho pekee.

Kazi hiyo huhitaji wakaguzi wa kutosha, mafuta ya gari na mamlaka ya kusimamisha ujenzi. Hayo hayamo katika bei ya programu yoyote, na jiji lisilopanga kuyagharamia litakuwa limenunua njia ya haraka ya kutoa vibali ambavyo hakuna anayevifuatilia.