Kutoka Chumba hadi Fremu: Wakazi na Kipato Kariakoo, Dar es Salaam, 1916–2022

Historia ya Kariakoo imezoeleka kusimuliwa kupitia soko lake na siasa za TANU. Makala haya yanaangalia jambo lisilozungumzwa sana: nyumba iliingiza fedha kwa njia gani, na fedha hizo zilimruhusu nani kuendelea kuishi hapo.

Jina la mtaa limetokana na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, lililoiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Baada ya vita, utawala wa Waingereza uliugawa mji katika kanda tatu. Kariakoo ikawa katika kanda ya tatu, ya Waafrika, ikitenganishwa na eneo la biashara kwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Kanuni za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu waziwazi. Zilitaja aina ya jengo. Katika kanda ya tatu nyumba ya miti na udongo iliruhusiwa, na kwa sababu hiyo mtu wa kipato cha chini aliweza kuwa mwenye nyumba mjini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingine alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kipato kilihesabiwa kwa chumba, na mpokeaji wa kodi alilala chini ya paa moja na mlipaji. Utafiti wa J. A. K. Leslie wa miaka ya 1950, uliochapishwa mwaka 1963, unauonesha mji wa wapangaji waliobanana vyumbani. Hata hivyo, tusiipambe hali hiyo. James Brennan ameonesha kwamba kabla ya mwaka 1950 ushindani wa makazi baina ya Waafrika na Wahindi ulikuwa mkali, Wahindi wenye uwezo wa kulipa zaidi wakiingia Kariakoo. Msukumo wa kipato kuwaondoa wanyonge, kwa hiyo, haukuanza na maghorofa.

Katika kipindi hicho mji ulikua kwa kasi: sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742, na ya 1967 watu 272,821. Azimio la Arusha (1967) liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Tarehe 22 Aprili 1971 Serikali ilitangaza kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya Wahindi yalichukuliwa. Nyumba ya udongo haikufikia kiwango hicho, ikabaki kwa wenyewe. Kwa maoni yangu, uduni wake ndio uliokuwa kinga yake, na jambo hilo halijapewa uzito linaostahili.

Kinga hiyo iligeuka mtaji baada ya biashara ya kuagiza bidhaa kulegezwa kuanzia 1984, na Azimio la Zanzibar (1991) kuwaondolea viongozi katazo la kupangisha. Bidhaa zikahitaji nafasi. Kipimo cha thamani kikawa fremu: chumba cha duka kinachotazama mtaa, chenye kodi na mara nyingi kilemba juu yake. Familia yenye kiwanja bila fedha iliingia ubia na mjenzi: yeye anajenga ghorofa, wanagawana sakafu au miaka ya kukusanya kodi. Nyingine ziliuza. Warithi wakiwa wengi, kuuza kulikuwa njia nyepesi ya kugawana, kwani chumba kimoja cha udongo hakigawanyiki kwa watoto saba. Mpangaji wa chumba hakuwa na cha kugawana; alipewa notisi.

Matokeo yake ni kwamba mtaa una fedha nyingi kuliko wakati wowote, ilhali wengi wanaozitafuta humo hurudi jioni Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara. Sensa ya 2022 ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Anayetumia takwimu hizo peke yake kupima Kariakoo atawakosa mwenye fremu, mchukuzi na machinga wa mchana. Atamkosa pia mjukuu wa mwenye nyumba wa zamani, ambaye sehemu yake ya kodi humfikia akiwa mbali na mtaa huo.