Vimbunga vya Tanga Mbili: Kwa Nini Pwani ya Kusini Ijiandae kwa Maji Kabla ya Upepo

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash zilizotia nanga bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayobeba karafuu ya Zanzibar. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia nchi kavu karibu na Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth alipita kaskazini ya Ngazidja na kuishukia Cabo Delgado, kusini ya mpaka wa Tanzania. Aprili 2021 Jobo alififia kabla ya kufika Dar es Salaam. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya akafika Mafia.

Matukio matano ndani ya miaka 150 hayatoshi kujenga takwimu, wala sidai kwamba miezi mingine ni salama: Chido aliivunja Mayotte katikati ya Desemba 2024. Hata hivyo, yote matano yameangukia kipindi kile kile cha tanga mbili, kaskazi ikiwa imekwisha, kusi haijashika, na masika yamepamba moto. Hoja yangu ni kwamba kuna sababu ya kimaumbile ya jambo hili, na kwamba sababu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza maandalizi yetu.

Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Maji ya juu yakifikia nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo likashuka hadi kina cha mita 50 hivi, mvuke mwingi hupanda angani. Ukipoa na kugeuka matone, huachia joto. Joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda, chini hubaki mgandamizo mdogo wa hewa, na pepo za pembeni hukimbilia kujaza pengo. Mzunguko wa dunia huzipinda pepo hizo, nazo kwa upande wetu wa kusini huzunguka kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu mno, ndiyo maana vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Mombasa, iliyo nyuzi 4, ina kinga ya kweli. Mafia iko karibu nyuzi 8, Lindi na Mtwara nyuzi 10. Kinga hiyo haifiki huko.

Kinachowasaidia watu wa kusini ni mambo mengine mawili. Kwanza, vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi hupinda kuelekea kusini kabla ya kutufikia, au huishia Madagaska. Lakini ncha ya kaskazini ya Madagaska iko nyuzi 12. Juu ya hapo njia ni bahari tupu hadi Mtwara. Pili, upepo wa chini na wa juu ukitofautiana sana kasi au mwelekeo, huupasua mnara wa mawingu kabla haujakaza. Mwezi Aprili kinga hii ya pili hulegea, maana pepo za msimu zinabadilishana zamu, huku bahari ya pwani yetu ikiwa imekusanya joto la miezi yote ya kiangazi.

Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Kimbunga kinachokuja tanga mbili hakikuti ardhi kavu. Aprili 2024, kabla Hidaya hajazaliwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155, na mto Rufiji ulikuwa umekwisha kufurika na kuzamisha mashamba. Hidaya alipofika, upepo wake ulipungua upesi. Mvua yake haikupungua hivyo: barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga, Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa na nchi. Beira, Msumbiji, iliyaona hayo kabla yetu, Machi 2019: upepo wa kimbunga Idai uliubomoa mji, lakini mito Pungwe na Buzi ndiyo iliyogeuza mabonde kuwa bahari.

Wapo watakaosema kuwa si busara kutenga fedha kwa janga linaloweza kukaa miaka 50 bila kurudi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maandalizi ya kimbunga yangekuwa kitu cha pekee. Karavati pana, daraja lililoinuliwa na mikoko iliyoachwa isimame delta ya Rufiji vinahitajika kila masika, kimbunga kije kisije.

Bangladesh hutajwa mara nyingi kama kielelezo, na kwa haki. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo hilo. Amphan, Mei 2020, aliua huko makumi tu, baada ya watu zaidi ya milioni 2 kuhamishwa. Mtandao wa watu wa kujitolea ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na majengo ya kukimbilia, ndio uliofanya kazi. Lakini mtandao ule hubaki hai kwa sababu dhoruba hurudi mara kwa mara. Kamati ya vimbunga Lindi, ikiundwa peke yake, itakufa kwa kukosa kazi. Iunganishwe na maandalizi ya masika ya kila mwaka, na watu wale wale wanaozibua mitaro ndio wajue nani abebwe kwanza maji yakipanda.

Lugha ya tahadhari nayo inahitaji kurekebishwa. Kituo cha hali ya hewa cha Réunion hufuatilia mifumo ya bahari yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzitafsiri taarifa zake kwa mikoa. Ngazi zinazotumika hupima upepo: kilometa 63 kwa saa mfumo hupewa jina, kilometa 118 huwa kimbunga kamili. Msikilizaji akiambiwa kimbunga kimepungua nguvu, huelewa kuwa hatari imepungua, ilhali mvua ndiyo kwanza inaanza. Taarifa itaje mito itakayojaa, barabara zitakazokatika, na hali ya maji ya bahari. Hidaya alifika siku tatu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, maji yakiwa karibu na kuwa mafu. Mwezi ulikuwa uandame tarehe 8. Angechelewa siku tano, angekutana na maji ya bamvua, na bahari ingeingia ndani zaidi.

Kuna deni ambalo mipango yetu haijaligusa. Jobo alipofifia, utabiri ulikuwa umetimiza wajibu wake, lakini mvuvi aliyetii na kuvuta ngalawa yake ufukweni alirudi nyumbani bila kitoweo wala fedha. Mara ya pili atapima tahadhari kwa njaa ya watoto wake. Mfuko wa maafa unaolipa nyumba zilizobomoka unaweza pia kulipa siku za kukaa pwani, kwa orodha ya wavuvi iliyopo kila diko, bila kusubiri kuona kama upepo umekuja.