Paa la Nyasi Kati ya Bungoma na Kitale

Msomaji, ukisafiri kutoka Bungoma kwenda Kitale utapanda pole pole, tangu nchi iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari hata nchi ya mita 1,900, na Mlima Elgon utakuwa kushoto kwako. Nyumba nyingi utakazoziona zimeezekwa kwa mabati. Hapa na pale limesalia paa la nyasi, na walio wengi wakiliona husema kwamba ni alama ya umaskini na ushamba. Nakuomba ulitazame tena. Paa la namna hiyo lilimfunika Mbukusu zamani, kisha likamfunika Mwingereza aliyekuja kujitwalia nchi hii. Na katika nyumba zote mbili waliopanda juu kuezeka walikuwa Waafrika.

Yafaa kwanza twende mbali, Uingereza kwenyewe. Kwa karne nyingi nyumba ya mkulima wa huko ilikuwa ya miti na udongo. Fito zilisukwa baina ya nguzo, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Juu yake paa likaezekwa kwa mabua ya ngano au kwa matete ya mabwawani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia ya kutokea paani. Katika jimbo la Devon ziko nyumba ambazo mabua ya ndani kabisa ya paa lao ni meusi kwa masizi ya zaidi ya miaka 500. Dohani zilienea baadaye, katika karne ya 16. Mwaka 1577 mwandishi William Harrison alisimulia jinsi wazee wa kijiji chake walivyostaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika maisha yao. Mjini London mapaa mapya ya nyasi yalikatazwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212, lakini mashambani yaliendelea, na mengine yako hata leo, tena hukaliwa na matajiri.

Sasa turudi kwetu. Nyumba ya Mbukusu ilikuwa ya msonge. Nguzo zilichimbiwa ardhini kwa mviringo, fito zikafungwa kwa kamba za miti, kisha udongo ukakandikwa. Makombamoyo ya paa yalikutana kileleni, na mzunguko wa fito ukayashika pamoja kama kitanzi kinavyoshika kuni za mzigo. Kwa hiyo paa la msonge halihitaji mwamba wala kenchi. Halina pembe, na paa lisilo na pembe lina mahali pachache pa kuvuja. Kuezeka ilikuwa kazi ya wanaume, wala mwanamke hakuruhusiwa kupanda juu ya paa. Kusiriba ukuta na sakafu ilikuwa kazi ya wanawake, na ustadi wao haukuwa mdogo, ingawa vitabu huutaja mara chache.

Labda utauliza, nyasi huzuiaje mvua? Bua moja haliwezi kitu. Siri iko katika mteremko na unene. Paa likiinuka kama nusu ya pembe ya mraba, au zaidi kidogo, tone la mvua huteleza kutoka bua hadi bua, likafika upenuni kabla halijapata nafasi ya kuzama. Mwezekaji wa Devon na mwezekaji wa Bungoma hawakupata kuonana, lakini mvua iliwafundisha wote wawili kipimo hicho hicho. Na moshi, ambao mgeni huulalamikia kwa sababu ya macho yake, ulikuwa na kazi yake: ulikausha nyasi kwa ndani na kuwafukuza wadudu. Nyumba isiyopikiwa huoza paa lake upesi.

Lakini Wabukusu hawakujenga nyumba tu. Kwa sababu ya vita na majirani, walizizungushia nyumba zao kuta nene za udongo na mahandaki, na milango ikawa myembamba, ya kuinamia. Kwa mikuki na mishale ngome hizo zilitosha. Mwaka 1895 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda (haikuingizwa upande wa Kenya mpaka 1902), na jeshi la Waingereza, ambalo C. W. Hobley alikuwa miongoni mwa wakuu wake, likaja na askari wa Kinubi na wasaidizi wa makabila mengine. Lilishambulia Lumboka, kisha ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na mahali paitwapo Webuye leo. Ukuta wa udongo haukuweza kushindana na bunduki. Watu wengi walikufa, ng'ombe wakachukuliwa.

Upande wa Kitale mambo yalikuwa tofauti kidogo. Uwanda wa Trans Nzoia ulikuwa malisho ya wafugaji, na mashimo ya mviringo ya mazizi ya kale, yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa, hushuhudia kwamba watu walifuga humo karne nyingi kabla ya Mzungu. Serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi nchi hiyo kama kwamba haikuwa na mwenyewe. Wachache walikuja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi zaidi walifika tangu mwaka 1919, miongoni mwao maaskari waliopewa mashamba baada ya vita. Reli ilikuwa haijafika Kitale, wala haikufika hata mwaka 1926. Bati lilikuwa ghali, tena zito kwa gari la ng'ombe. Mlowezi angefanya nini? Alikata miti na nyasi, akawaita watu wanaojua kujenga. Mambo yalikuwa hivyo katika sehemu nyingine za Kenya pia: Elspeth Huxley, katika kitabu chake The Flame Trees of Thika cha mwaka 1959, ameeleza jinsi wazazi wake walivyoanza maisha yao Thika katika nyumba ya nyasi waliyojengewa na Waafrika.

Mlowezi, hata hivyo, alitaka pembe nne, maana kitanda na kabati lake vilifanywa kwa ajili ya pembe. Hapo fundi wa msonge alikutana na kazi mpya. Paa la pembe nne lina mwamba mrefu juu, na uzito wake huzisukuma kuta nje, hivyo sharti lifungwe kwa kenchi. Mapaa mawili yakikutana, pale yanapokutana maji hukusanyika kama kijito, na nyasi za hapo huoza kwanza. Tena mlowezi aliutoa moto katikati ya nyumba akautia ukutani chini ya dohani. Macho yake yakapona, lakini paa likapoteza moshi wake, na cheche zikapata njia ya kutokea juu, moja kwa moja penye nyasi kavu. Nadhani katika jambo hili mwanafunzi alikuwa mwenye shamba, hata kama mshahara ulitoka mfukoni mwake.

Na fundi mwenyewe alilala wapi? Katika kibanda cha nyasi ukingoni mwa shamba hilo hilo, akikaa kwa idhini tu, kwa sharti la kufanya kazi siku zilizowekwa na sheria, na kipande chake shingoni. Nyumba mbili za nyasi ziliangaliana: moja ilikuwa na hati ya ardhi, nyingine haikuwa nayo. Jambo hilo halikusahauliwa. Mwezi wa Septemba 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya watu mpaka Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Majengo ya walowezi yalipoteketea kwa moto, wafuasi wake walilaumiwa. Na mwaka 1948, baada ya polisi kuwapiga watu risasi Malakisi, dini hiyo ilipigwa marufuku.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mengi ya mashamba hayo yaliuzwa na kugawanywa. Mabati yalikuwa yamekwisha kuwa rahisi kupatikana, na nyasi ndefu za kuezekea zikatoweka mbele ya jembe la trekta. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupungua kwa mapaa ya nyasi, wala si aibu peke yake: anayetaka kuezeka leo hana mahali pa kukata.

Ukifika Kitale, nenda kwenye jumba la makumbusho. Lilianza kwa makusanyo ya mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, mwaka 1926, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Uwanjani zimejengwa nyumba za jadi. Ingia, uinue macho uhesabu fito. Kisha, ukirudi kwa njia ya Webuye, panda Chetambe. Hutakuta paa hata moja, kwa kuwa nyasi na miti vimeoza zamani. Kilichobaki ni alama ya handaki katika ardhi, na ukisimama ndani yake utafahamu kwa nini ngome ile iliwekwa pale, maana nchi yote ya chini utaiona.